Mnara wa Dirisha Fupi

Nyumba yangu siku hizi haina harufu. Kwa wifi yangu, ukuta wa pili, udi unakupokea kabla hujavua viatu. Kwangu hapana udi, hapana asumini, hapana hata ile sabuni ya waridi niliyoizoea. Nimekaa eda. Mume wangu, baba yake Zuhura, ametangulia mbele ya haki, nami nimo ndani na nguo zangu nyeupe, sijipambi, sijifukizi, wala sitoki bila dharura mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Wenzangu wa rika langu, baadhi yenu mmeshayapitia haya. Wengine nawaombea Mungu ayacheleweshe.

Juzi akaja Shangazi Mwanasha kutoka Msambweni. Amezeeka, magoti hayamtaki tena, lakini amekataa katakata niachwe mikononi mwa wasichana ambao, kwa maneno yake, uji wenyewe wanaupika kwa kusoma maandishi ya pakiti. Alikuja na mkeka mkuukuu umekunjwa, na ndani ya mkeka mlikuwa na kitu kimefungwa kwa kipande cha leso. Alipoutandika sakafuni, mara chumba kikapata harufu. Ilikuwa harufu ya miyaa, yale majani ya mkoma yaliyokaushwa juani, na nyuma yake harufu ya karatasi iliyowahi kulowa. Sikuhitaji kufungua ile leso. Kitabu changu nilikijua kwa pua.

"Nilikunyang'anya nikakurudishia, kisha ukaenda kuolewa ukakisahau kwangu," alisema Shangazi. "Haya, kichukue. Ulikuwa mtundu wewe, Mungu anajua."

Sikumbishia. Mtundu nilikuwa.

Nililelewa na Bibi, mama yake baba, katika nyumba ya mawe iliyoezekwa makuti, kijijini kati ya Gazi na Msambweni. Ilikuwa na vyumba vitatu, baraza mbele na ua nyuma, na chumba cha Bibi kilikuwa na dirisha la mbao lililotazama minazi. Lilikuwa dirisha fupi. Mtu mzima akisimama nje lilimfika kifuani, na kuku wetu mmoja mwekundu alikuwa na mazoea ya kuruka humo kwenda kutaga chini ya kitanda. Naomba mlikumbuke dirisha hilo.

Kwa utani wetu wa pwani, babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, na bibi naye humwita mke mwenzangu. Babu akirudi na vitumbua vya moto alinipa mimi kwanza. "Mke mdogo hula kabla ya mke mkubwa," alisema, na Bibi alijifanya kununa, akavuta leso usoni, akaniambia, "Mke mwenzangu, umeshanipokonya mume, basi nibakishie hata kitumbua." Nilikuwa na miaka minane, na nusu ya moyo wangu iliamini kwamba mambo ndivyo yalivyo.

Kitabu aliniletea Shangazi Mwanasha. Alikuwa msichana wakati huo, anafua mashuka katika hoteli moja ya Diani, na vitu walivyosahau wageni visipoulizwa kwa muda, wafanyakazi waliruhusiwa kuvichukua. Wenzake walichukua viatu na miwani ya jua. Yeye alichukua kitabu cha Kiswahili ambacho watoto wa wageni kutoka Nairobi walikuwa wamekitumbukiza katika bwawa la kuogelea. Jalada lilikwisha kung'oka, kwa hiyo jina lake sikulijua wala sijalijua hadi leo. Kurasa zilivimba na kunuka dawa ya bwawani. Zile za mwisho, kumi au zaidi, ziligandana zikawa kipande kimoja kigumu. Nilipojaribu kuzibandua kwa kucha Bibi alinizuia. "Usizitoe kwa nguvu, zitachanika, na hapo hutapata hiki wala kile."

Hadithi yenyewe mnaijua. Ni ya yule msichana aliyefungiwa na mchawi katika mnara usio na mlango wala ngazi, akawa anateremsha nywele zake ndefu dirishani ili mtu azishike apande. Mwalimu wetu alikuwa ametusimulia darasani kwa dakika tano, akaifuta kama alivyofuta ubao. Lakini mwandishi wa kitabu changu alikuwa ameichukua hadithi ile ya kale akaifumua yote, akaifuma upya kwa uchawi wake mwenyewe. Mnara wake ulisimama baharini juu ya tumbawe, na maji yakipwa ulikuwa ukitembea. Nywele za msichana hazikurefuka kwa miaka, zilirefuka kwa kimya. Kila siku aliyonyamaza, ziliongezeka pima moja. Na kanzu yake, iliyoanza na rangi ya bahari, ilipauka kidogo kidogo. Siku ambayo ingekuwa nyeupe tupu, msichana angegeuka chumvi, na wimbi la kwanza lingemyeyusha. Wa kumwokoa hakuwa mwana wa mfalme. Alikuwa kijana maskini, mkwea majabali, aliyeishi kwa kutafuta mayai ya ndege.

Niliwasomea Babu na Bibi barazani kila alasiri baada ya chuo cha Kurani. Bibi alisoma msahafu vizuri sana, ila herufi hizi nyingine hakufunzwa, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Alikuwa akisuka ukili huku anasikiliza. Ukili, kwa msioujua, ni ule msuko mwembamba wa miyaa unaokwenda na kwenda, unaviringishwa kama gurudumu, na ukishafika urefu unaotakiwa ndipo hushonwa mkeka. Vidole vya Bibi vilisuka bila yeye kuvitazama, na mdomo wake haukuniachia hata ukurasa mmoja upite salama.

"Hebu ngoja," aliniambia siku ya kwanza. "Mnara hauna mlango?"

"Hauna, Bibi."

"Na mchawi alimwingiza vipi mtoto wa watu humo ndani?"

Nilitafuta katika ukurasa. "Haikuandikwa."

"Na fundi aliyejenga, alitokea wapi? Alibaki humo humo?" Alimgeukia Babu. "Wewe umejenga nyumba. Umeona wapi nyumba isiyo na mlango?"

"Mwache mtoto asome," alisema Babu, amefumba macho. "Uongo hauulizwi mlango."

"Mlango upo," Bibi alishikilia. "Huyo mwandishi ameuficha tu."

Tulikisoma mara mbili hivyo, kila mara tukikwama pale pale: mkwea majabali amefika dirishani, msichana amefungua kinywa anataka kusema neno lake la kwanza, na hapo karatasi zimegandana. Mara ya tatu hatukufika mbali. Babu alilala baada ya swala ya adhuhuri na hakuamka.

Ya matanga siyakumbuki yote. Nakumbuka masufuria, wanawake wengi wenye sauti za kukwaruza, na jora la bafta, kile kitambaa cheupe chepesi, ukumbini. Nilimwona mzee mmoja anakata humo sanda ya Babu. Kisha, baada ya maziko, Shangazi alichukua bafta iliyobaki, akaikata, akamshonea Bibi nguo. Jora lilikuwa moja, mkasi mmoja. Babu alivikwa nyeupe, akabebwa, hakurudi. Sasa Bibi naye amevikwa nyeupe ile ile, ameingizwa chumbani, na pazia limeshushwa. Hata mtoto wa chekechea angelijua linalofuata.

Mama mmoja akanishika shavu, macho yake mekundu kwa kulia, akanitania kama watu wanavyotania penye msiba ili moyo upumue. "Na wewe mke mdogo, eda hukai?" Wenzake wakacheka na kulia pamoja. Mimi nilikwenda mbio nikalificha gauni langu jekundu nyuma ya pipa la maji, wasije wakanibadilishia.

Hapana aliyenieleza kitu. Watu wazima wa kwetu waliamini mtoto huyaelewa mambo kwa kukaa karibu nayo, kama nguo inavyoshika udi. Nilisikia neno eda mara mia, na kwa kuwa lilisemwa kwa sauti ya chini nikadhani ni jina la ugonjwa. Usilolijua ni usiku wa kiza, na mimi kiza changu nilikijaza kwa kitabu.

Kwa maana mtazameni Bibi. Amekaa chini karibu na dirisha, kimya, yeye ambaye hakuwahi kunyamaza hata anapokula. Anasuka ukili tangu asubuhi, na gurudumu la ukili linanenepa kila siku pembeni mwake, ndio nywele hizo, zinarefuka kwa kimya. Rangi za zamani za leso zake zimekwisha, amebaki mweupe tupu. Nilisoma ukurasa ule wa chumvi mpaka nikaujua kwa moyo. Usiku nililala nikiomba mvua isinyeshe, kwa sababu makuti ya upande wake yalikuwa yakivuja. Nilimpenda Bibi kuliko mtu yeyote duniani, naye alikuwa anayeyuka, na jamaa zake walikuwa wanaosha vyombo.

Kilichobaki ni kumpata mkwea majabali. Majabali kwetu hayapo. Minazi ipo, na mwenye kuikwea alikuwa Mzee Kombo.

Mzee Kombo alikuwa mjane wa miaka mingi, mwembamba, mwenye nyayo ngumu na adabu kupita kiasi. Alikuwa akitoa salamu kwa mti kabla ya kuupanda, au ndivyo tulivyodai sisi watoto. Siku hiyo nilimkuta anateremka na kamba yake miguuni.

"Shikamoo, Mzee Kombo."

"Marahaba, mwanangu. Mwaonaje na msiba?"

"Bibi anakuita. Uende dirishani kwake."

Alinitazama. "Bibi yako yumo edani. Ataniitia nini mimi?"

"Amechoka kukaa humo," nilisema. Niliusema uongo huo bila kupepesa macho, kwa kuwa niliuamini.

Mzee Kombo alikuna kichwa, akasema pengine makuti yanavuja na wenyewe wanaona haya kuomba. Kisha akaangua madafu mawili, maana kwetu mtu haendi kwa mfiwa mikono mitupu. Mimi nilikimbia mbele. Bibi alikuwa ametoka uani kuchukua udhu wa alasiri. Niliingia chumbani kwake, nikalitoa gurudumu la ukili dirishani, nikaliviringua lote likashuka ukutani na kujikunja mchangani. Halafu nikajificha nyuma ya ukuta wa choo, nikingoja kumwona Bibi akiteremka.

Mzee Kombo alifika, akakohoa mara tatu kwa heshima. "Hodi. Hodi wenyewe." Hakujibiwa. Akauona ule ukili wa watu umetupwa mchangani na kuku mwekundu anautembelea. Alikuwa mtu anayejua kazi ya mikono inavyouma. Akamfukuza kuku, akaukusanya ukili kwapani, na madafu mkono wa pili, akainama ndani ya dirisha ili auweke kitandani pasipo kuchafuka. Hapo hapo Shangazi Mwanasha akapandisha pazia la mlango, sinia ya chai mkononi.

Kelele ile niliisikia mimi, ikasikika na msikitini.

"Ala! Kombo! Eda haijafika hata nusu!"

Mzee Kombo alijigonga kisogo kwenye fremu. Madafu yalibingirika, moja ndani na moja nje. "Niliitwa!" alisema. "Wallahi nimeitwa!"

"Umeitwa na nani? Na nani, nakuuliza?"

Aligeuka kunitafuta. Mimi nilikuwa nimechutama nyuma ya choo, nimeziba macho, kama kwamba hilo lingemzuia yeye kuniona.

Kumposa mwanamke aliye edani ni haramu, kila mtu anajua hilo. Hata kumwachia neno la waziwazi ni haramu. Na kwetu mwanamume mwenye zawadi mkononi na kichwa ndani ya dirisha la mfiwa hahitaji kusema neno. Kufika magharibi habari ilikuwa imefika kisimani na kurudi ikiwa imenenepa. Madafu mawili yalikuwa mkungu mzima, na palikuwa na pete. Mzee Kombo hakuonekana tena upande wetu. Nazi zilidondoka zenyewe na kupasua mitungi ya watu. Bibi alipoulizwa alijibu kwamba hajui lolote, na nikaona, mtoto kama nilivyokuwa, wanawake wanavyotazamana baada ya jibu lake. Bibi alikuwa ameolewa na mume mmoja tangu usichana wake, akamzika, na sasa anatazamwa hivyo. Shangazi alisema nyumba yenye msiba na aibu si mahali pa hadithi. Kitabu kikawekwa juu ya kabati, na mimi nikakatazwa chumba cha Bibi ili apumzike.

Siku ya nne alikuja kaka yake Bibi, Mzee Hamadi, kutoka Kibuyuni, na bakora yake. Mzee Kombo aliitwa. Alikaa ncha ya baraza, amevaa kanzu ambayo sikuwahi kumwona nayo, na mikono yake mikubwa hakujua aiweke wapi.

"Nasema niliitwa," alisema. "Sitaki kumtaja aliyeniita, ni mtoto. Lakini kama hamniamini leteni msahafu nishike."

Huyo ndiye Mzee Kombo. Alikuwa anajua, na hakunitaja. Nilisikia msahafu unatajwa. Chuoni tulikuwa tumefunzwa kwamba kiapo si jambo la kuchezea, na mimi ndiye niliyekifikisha barazani. Niliizunguka nyumba mbio, nikashika mbao za dirisha, nikaruka. Kuingia kulinichukua muda wa kupiga chafya. Nilianguka mapajani mwa Bibi, nikayamwaga yote: ukili, mnara, uongo wangu, kanzu nyeupe, na sanda.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Vidole vyake vilikuwa vimesimama.

"Unasema nitageuka nini?"

"Chumvi."

Alipandisha mkono wa bafta mpaka kwenye kiwiko, akanipa mkono wake. "Nilambe uone."

Nikamlamba. Ilikuwa mchana wa jua kali, na mwanamke amekaa chini ya makuti anasuka tangu alfajiri. Ulikuwa na chumvi tele.

Nililia kilio ambacho sijakirudia, hata mwaka huu. Na Bibi akacheka. Alianza tumboni, akajaribu kujizuia kwa leso, akashindwa, akacheka kwa sauti mpaka baraza zima likanyamaza. Tangu Babu afariki hapana aliyemsikia akicheka. Shangazi Mwanasha aliingia mbio akidhani mama yake ameshikwa na kitu.

"Ni jasho, mke mwenzangu," Bibi alikuwa akiniambia, machozi yanamtiririka. "Ni jasho tu, mwana wee. Mwanasha, mpe mtoto kitabu chake. Na hao wageni wasiondoke, ushahidi umefika."

Basi ndivyo ilivyokuwa kwamba nikasimama mlangoni, pazia mgongoni na Bibi nyuma ya pazia, nikawasomea watu wazima wa ukoo wetu hadithi ya mnara. Nilisoma mnara unavyotembea maji yakipwa, nikasoma kimya na nywele, nikasoma kanzu inavyopauka. Nilipofika kwenye chumvi, Shangazi Mwanasha, ambaye alikuwa amefunga mikono kifuani, aliitazama bafta iliyobaki juu ya cherehani, kisha akanitazama mimi, na akaketi chini taratibu. Nilipomtaja mkwea majabali, Mzee Hamadi alimgeukia Mzee Kombo, na ndevu zake zikaanza kucheza.

"Huyu ni wewe," alisema.

"Na huyo kijana alipata nini?" aliuliza Mzee Kombo kwa wasiwasi.

"Katika ile hadithi ya mwalimu, alichomwa macho na miiba," nikamjibu.

"Basi mimi nimesalimika," alisema, akishika kisogo.

Wakacheka, na mimi nikasoma mpaka pale msichana anapofungua kinywa. Nikakishusha kitabu.

"Halafu?" aliuliza Mzee Hamadi. Bakora alikuwa ameisahau chini.

"Zimegandana."

"Haiwezekani! Alisema nini?"

Sauti ya Bibi ikatoka nyuma ya pazia, ile sauti yake ya zamani. "Nitawaambia mimi alichosema. Mlango upo. Nimesema tangu mwanzo kwamba mlango upo. Uko ndani, na komeo liko ndani, na aliyelitia ni yeye mwenyewe. Hapana mchawi aliyemfunga. Amefiwa, anakaa na kimya chake, anamsikiliza aliyekwenda. Akamwambia yule kijana: shuka, baba, Mungu akulipe. Siku zangu zikitimia nitatoka kwa mlango, kwa miguu yangu."

Nilimwona Shangazi anafuta macho kwa ncha ya leso.

Mzee Kombo aliinuka, akajifuta kanzu. "Basi mwambieni huyo msichana," alisema, akilitazama pazia kwa adabu na kuondoa macho haraka, "kwamba madafu yake nitakuwa naleta. Kwa mlangoni."

Na akaleta, kila mwezi, mpaka alipokufa. Watu waliongoja posa waliingoja bure.

Siku zile zilizobaki nilizikaa na Bibi mle chumbani. Alinieleza eda ni nini kwa maneno ya kawaida kabisa, bila kushusha sauti, na nikastaajabu kwamba lilikuwa jambo la kuelezeka. Bafta ni kitambaa tu, alisema. Kinamvika anayekwenda na kinamvika anayebaki, kwa sababu wote wawili wameacha mapambo. Nilimwuliza kama alikuwa akimsikia Babu kweli. Alisema alimsikia akikohoa wakati wa alfajiri, kwa mazoea ya sikio, na kwamba kila siku kikohozi kinakwenda mbali kidogo. "Hilo ndilo ninalongoja hapa, mke mwenzangu. Nataka nimsindikize taratibu."

Siku ya kutoka alioshwa, akavishwa leso mpya, nyumba ikafukizwa udi mpaka kuku wakapiga chafya. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya dirisha, sijui kwa nini, mazoea tu. Alipita mlango wa mbele, akazunguka nyumba yote na magoti yake mabovu, akaja akasimama kando yangu, tukatazama ndani ya chumba kitupu pamoja. Kisha akaniambia nikalitoe gauni langu jekundu nyuma ya pipa, mchwa wamelila vya kutosha. Kumbe alijua siku zote. Ule ukili wa edani akaushona mkeka, ndio huu nilioukalia ninapoandika.

Zuhura wangu ana miaka tisa. Tangu msiba amekuwa mtoto mzuri kupita kawaida, anaosha vyombo bila kuambiwa, na hilo peke yake lingenishtua kama ningekuwa na akili zangu. Nimemwona akisimama mlangoni, anazitazama nguo zangu, kisha anaondoka. Nami nimemwacha aondoke. Nimefanya vile vile walivyonifanyia mimi, nikidhani mtoto ataelewa kwa kukaa karibu.

Jana Shangazi Mwanasha alimpa kile kitabu akisome ili asimsumbue. Alikisoma siku nzima chini ya meza ya kulia. Alasiri akaja chumbani, kitabu kifuani, kidole kikiwa pale pale palipogandana.

"Mama, halafu?"

Nikamwambia jibu la Bibi, neno kwa neno: mlango upo, komeo liko ndani, amefiwa, siku zikitimia atatoka kwa miguu yake. Alisikiliza kwa makini. Lakini macho yake hayakuwa kwenye uso wangu. Yalikuwa kwenye mkono wa kanzu yangu, yanapima weupe.

"Na ile chumvi?" aliuliza, kwa sauti ndogo sana.

Nikamvuta akaketi juu ya mkeka. Nikapandisha mkono wa kanzu, nikampa mkono wangu. "Nilambe uone."

Alisita. Akainama, akalamba kwa ncha ya ulimi, na uso ukamkunjamana. Mkono huo ndio niliokuwa nimefutia macho muda si mrefu, nilipomsikia akija.

"Una chumvi, Mama."

"Najua, mwanangu," nikamwambia. "Kaa hapa nikueleze."